Bastola Mlangoni kwa Mzee Jirma

Isiolo, Ijumaa 14 Agosti 2015

Dada yangu Kaltuma,

Assalaam aleikum. Sisi sote tuko salama, tunamshukuru Mungu. Goti la mama limepungua kuuma tangu aanze dawa ya kupaka uliyotuma. Anasema harufu yake inafukuza hata mbu. Anakusalimu sana, na anasisitiza uendelee kuandika barua hata kama tunaongea kwa simu. Sauti ya simu, anasema, ikikatika imekwenda, lakini barua mimi humsomea tena na tena, kisha huziweka kwenye faili kwa tarehe.

Mbuzi wamenona kiasi. Nimekuwa nikienda Kulamawe kila wiki kununua, halafu nauza mnadani hapa mjini. Habari kubwa ni ya mdogo wetu Huqa. Ameonyesha nia yake wazi. Msichana anaitwa Lul, binti wa mzee Jirma wa Kinna, anafundisha katika shule moja na Huqa. Kwa kuwa baba hayupo, ni mimi nitakayekwenda kuzungumza kwa niaba ya nyumba yetu. Ninajiandaa.

Kuna jambo lingine, dogo tu, ni udadisi. Nikiwa ninasubiri zamu yangu zahanati nilisoma gazeti la zamani lililosema kwamba huko Texas sheria ya bastola inabadilika. Je, ni kweli kwamba mpaka sasa mwenye leseni lazima aifiche, na kuanzia Januari ataruhusiwa kuionyesha? Na hao wanaoificha, wanaiweka wapi hasa? Upande wa kulia au mgongoni? Mtu akikaa kwenye gari kwa saa mbili haimchomi? Nijibu ukipata nafasi.

Ndugu yako,
Umuro


Fort Worth, Jumapili 6 Septemba 2015

Mdogo wangu Umuro,

Waaleikum salaam. Barua yako imechukua siku kumi na tisa. Watoto wamerudi shule, baba yao bado anaendesha lori la mizigo, na joto la huku lingekufanya ulikumbuke la Merti kwa upendo. Mwambie mama nimefurahi kwa goti lake, na aache kuwapaka majirani, chupa ile ni ndogo.

Kuhusu Huqa nimepiga vigelegele peke yangu jikoni. Hiyo nyumba ya Jirma ninaikumbuka. Mzee ni mtu wa utaratibu. Nenda polepole, peleka kahawa nzuri, tumbaku, sukari, usiseme mengi siku ya kwanza.

Sasa swali lako. Nilimuuliza mwenye duka ninakofanya kazi, maana yeye anayo. Ni kweli. Mpaka mwisho wa mwaka huu, mwenye leseni ya bastola anatakiwa aifunike na nguo. Kuanzia tarehe moja Januari ataweza kuivaa kwenye mkoba wa mshipi ikionekana na kila mtu. Lakini hebu ona ajabu: bunduki ndefu, ile ya kubeba begani, haikuwahi kuhitaji leseni wala kufichwa. Ile kubwa unatembea nayo barabarani, ile ndogo unaificha. Nilipomuuliza sababu, mwenye duka alikuna kichwa akasema, "Kaltuma, mimi nauza maziwa."

Na ukivuka mpaka kwenda jimbo jingine, sheria ni nyingine. Baba watoto anasema kuna madereva wenzake wanaosimamisha lori kabla ya mpaka ili wasome kwanza. Jimbo moja, onyesha, jingine, ficha, jingine, usije nayo kabisa.

Ukiniuliza mimi, heri ifichwe. Nisipoiona, mtu aliye mbele yangu ni mtu tu anayenunua mkate. Nikiiona, nitaangalia kiunoni badala ya usoni.

Lakini Umuro, mimi ndiye niliyekulea. Mtu anayeuliza kuhusu sheria huuliza kuhusu sheria. Wewe umeuliza kama inachoma ukikaa. Kwa nini?

Dada yako,
Kaltuma


Isiolo, Jumatatu 12 Oktoba 2015

Dada yangu,

Assalaam aleikum. Barua yako nimemsomea mama mara mbili. Sehemu ya chupa alisema sikuisoma vizuri, akaniambia niipite.

Mawingu yamekusanyika upande wa Nyambene na watu wanasema mwaka huu mvua itakuwa nyingi kupita kiasi. Tumeweka siku ya kwenda Kinna, Jumamosi tarehe 7 Novemba. Kahawa nimenunua kwa Magdaline, yule mama Mmeru wa karibu na stendi, na akanichagulia buni yenyewe, punje moja moja, kama anayeposa ni yeye.

Sikubaliani nawe kuhusu kuficha. Ngoja nikueleze ninavyoona. Kulamawe tuna polisi wa akiba, Mturkana anaitwa Ekidor. Bunduki ya serikali iko begani kwake kutoka asubuhi. Watoto wanamjua, mbuzi wanamjua. Akiingia kwenye hoteli anaiegemeza ukutani, anakunywa chai, na hakuna anayeshtuka, kwa sababu kila mtu ameiona tangu akiwa mbali. Tunaowaogopa ni wale wanaokuja na shuka kubwa wakati wa jua kali. Kwetu kinachoonekana kina mwenyewe na kina jina. Sasa huko kwenu mnasema ile iliyofichwa ndiyo ya mtu mstaarabu. Ninajaribu kuelewa.

Hata hivyo, sheria yetu ya mjini ni kama hii yenu inayoisha. Raia aliyepewa cheti cha bastola haruhusiwi kuionyesha onyesha. Kwa hiyo katika kaunti moja tuna desturi mbili, na mpaka kati yake hauna kibao. Mimi nadhani uko mahali fulani baada ya Gotu, kwenye barabara ya Kulamawe. Jambo hili limenikaa kichwani sana.

Mbuzi mmoja wa mama amezaa mapacha. Huqa anakusalimu.

Umuro


Fort Worth, Jumapili 22 Novemba 2015

Umuro,

Waaleikum salaam. Sisi wazima. Mwambie mama watoto wamepokea kanzu alizowatumia, na ile ya mdogo imemfika magotini, amekua.

Karatasi ya pili ni yako peke yako. Usimsomee mama.

*

Nimepiga simu kwa Huqa tarehe 8 kumuuliza Kinna kulikwendaje. Akasema, "Muulize mkubwa." Nikapiga tarehe 10, akasema hivyo hivyo, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeposa. Nimekupigia wewe mara nne. Unanieleza habari ya mvua. Mara ya nne umenieleza jinsi daraja lilivyopasuka, urefu wake na upana wake.

Swali langu la Septemba hukulijibu. Nimelihesabu kuwa jibu. Unayo, sivyo? Na ulikwenda nayo kwa mzee Jirma.

Sikugombezi. Nataka kujua ilivyokuwa. Andika kama unavyoandika kwenye daftari lako, tarehe na jambo, tarehe na jambo, kwa maana najua daftari hulidanganyi.

Kwangu mimi hakuna habari kubwa. Sifungi tena duka jioni, nafanya zamu ya asubuhi tu.

Kaltuma


Isiolo, Jumatatu 4 Januari 2016

Dada yangu,

Assalaam aleikum. Nisamehe kwa kuchelewa. Nimeanza barua hii mara tatu. Karatasi ya pili mama aliiona ikitoka kwenye bahasha, akasema nisome zote. Nikamwambia ni mambo ya kazi. Akasema, "Basi nisomee mambo ya kazi." Nilisoma. Adhuhuri akauliza, "Iko kwenye nyumba hii?" Nikasema ndiyo. Akaomba aonyeshwe. Aliitazama kwenye kitambaa bila kuigusa, akasema ni ndogo kuliko alivyofikiri.

Nakunakilia daftari.

"19 Mei 2015. Lori limesimamishwa na watu watano kati ya Kulamawe na Gotu. Wametuvua viatu, wametunyang'anya simu. Mmoja alinipiga kifuani na kitako cha bunduki. Sikusema kitu nyumbani. Nilisema nimeanguka.

"2 Juni. Nimeanza maombi ya cheti. Fomu, daktari, barua ya chifu, alama za vidole.

"30 Julai. Cheti kimetoka. Afisa amesema: isionekane na mtu, isishikwe na mtu mwingine yeyote, hata mke wako. Nimemwambia sina mke. Amesema basi ni rahisi kwako.

"7 Novemba. Kinna."

Hapo niliandika neno hilo moja tu. Yaliyobaki nakuandikia sasa.

Tulifika saa nne asubuhi, mimi na Huqa na binamu yetu Ardo. Unajua utaratibu wa pale. Mgeni akifika, mwenyeji anatoka, anapokea mkononi mwake chochote ulichokuja nacho cha kujilinda, fimbo, mkuki, hata bunduki kama wewe ni polisi wa akiba. Anaingia nacho ndani, anakitundika kwenye nguzo upande wake wa kulala. Ndipo unakaribishwa, na punje za kahawa zinakaangwa kwenye siagi. Ardo alitoa fimbo. Huqa alitoa fimbo. Mimi nilitoa fimbo. Mzee Jirma akazipokea zote tatu, akaziweka, akarudi kunikumbatia kama msemaji wa nyumba.

Mkono wake ulifika kiunoni ukasimama.

"Umuro, hiki ni nini?"

Nikasema, "Mzee, ni yangu kwa sheria. Nina cheti."

"Sikuuliza ni ya nani. Nimeuliza ni nini."

"Ni bastola."

"Lete basi, nikuwekee."

Dada, hapo ndipo nilipokosa. Nilikuwa na maneno ya yule afisa kichwani, isishikwe na mtu mwingine. Nikasema, "Sheria hainiruhusu kukupa." Nilidhani ninamheshimu kwa kumwambia ukweli. Mbele ya wazee wawili wa kwake na mbele ya mama yake Lul, nilimwambia mzee katika mlango wake kwamba mkono wake hauaminiki.

Hakufoka. Alisema, "Mtu akija nayo begani najua kumpokea. Aliyekuja nayo chini ya shati, akanipa fimbo ili niridhike, huyo sijui aingie kwa mlango upi." Akaingia ndani, akatoka na fimbo zetu tatu, akaturudishia moja moja. Kahawa ya Magdaline tulirudi nayo.

Huqa hajasema nami tangu siku hiyo ila salamu. Jirma amemwambia Lul kwamba nyumba yetu irudi ikishajua inarudi vipi, na kama mpaka Ramadhani hatujarudi, kuna watu wa Garba Tula wameuliza. Kwa hiyo Huqa anaweza kukosa mke kwa sababu ya kiuno changu.

Nimelipindua jambo hili kila upande. Nikienda nayo wazi, navunja sheria ya serikali. Nikienda nayo imefichwa, navunja ya mzee. Nikimpa aishike, cheti kinakwenda na pengine mimi pia. Nikiiacha nyumbani na mama, hilo nalo siwezi. Unaonaje? Na huko sheria mpya imeanza juzi. Imekuwaje? Nina hamu ya kujua.

Umuro


Fort Worth, Jumapili 7 Februari 2016

Mdogo wangu Umuro, na mama, maana najua unasikiliza,

Waaleikum salaam. Mama, usimruhusu mtu mwingine aione. Huyo mtoto angekuwa na akili angekueleza mwezi wa tano kuhusu kifua chake.

Ndiyo, imeanza. Wiki ya kwanza nilisubiri kuona dunia ikibadilika. Sikuona hata mmoja mpaka tarehe 9, mzee mwenye kofia, akanunua chakula cha paka. Mpaka mwisho wa mwezi nimehesabu wanne. Wenzangu wanasema wengi wameendelea kuzificha kama zamani, wameshazoea. Kila duka sasa linaamua kibao gani liweke mlangoni. Kuna kibao cha kukataza zinazoonekana na kibao kingine cha kukataza zilizofichwa, maneno mengi kwa herufi kubwa, Kiingereza na Kihispania. Mwenye duka letu ameviweka vyote viwili halafu yeye mwenyewe anaingia nayo. Nimemuuliza. Amesema mlango ni wake.

Sasa sikia kilichonipata. Jumapili iliyopita nilimwalika Beverlyne, yule msichana wa Meru niliyekuambia kwa simu, na mumewe Antony. Nafungua mlango, Antony huyo, na bastola kwenye mshipi, anajivunia sheria mpya. Kabla sijafikiri, mikono yangu miwili ilikuwa mbele yake, imenyooka. Akaitazama.

"Shemeji, unataka nini?"

"Nipe nikuwekee."

Beverlyne akacheka mpaka akashika ukuta. "Mpe, Antony. Kwao mgeni haingii nayo."

"Nimpe? Anajua hata kushika?"

"Sijui," nikasema, "na sitaki kujua. Ngoja." Nikaenda jikoni nikaleta sinia. Akatoa risasi, akanionyesha kwamba haina kitu, akaiweka juu ya sinia. Nikaibeba kama ninavyobeba chai ya wageni, nikaiweka juu ya kabati chumbani kwangu. Alikula sahani tatu. Akiondoka niliirudisha kwa sinia ile ile, na Antony, mtu mkubwa vile, alisema asante kwa sauti ya chini.

Nikakaa nikafikiri juu ya ubishi wetu. Mimi nilitaka zifichwe, wewe ulitaka zionekane. Nitakuambia jambo ambalo sikuwaandikia. Mwezi wa saba mtu aliniinulia bastola dukani, nikiwa peke yangu, saa ya kufunga. Sijui alikuja nayo wapi, kiunoni au mfukoni. Niliona tu tundu la mtutu. Alichukua sigara akaenda. Tangu hapo kila anayeingia namtazama mikono. Kwa hiyo nilipokuandikia kwamba heri zifichwe, nilikuwa naandika kwa uchovu.

Kuhusu Kinna: umemuuliza afisa kuhusu sheria, akakujibu sheria. Rudi umwulize kuhusu ugeni. Mwambie, "Mimi ni mwenye cheti, naenda kuposa, mwenyeji wangu ana haki ya kupokea silaha yangu. Nifanyeje?" Huenda kuna njia, huenda hakuna. Lakini mwulize hivyo.

Dada yako,
Kaltuma


Isiolo, Jumatatu 21 Machi 2016

Dada yangu Kaltuma,

Assalaam aleikum. Mama mzima, goti limerudi kuuma kidogo kwa sababu ya baridi ya asubuhi, lakini alicheza hatua mbili Jumamosi usiku niliporudi. Utajua kwa nini. Habari ya mwezi wa saba aliisikia akiwa amefumba macho. Amesema hatakuuliza chochote kwenye simu, ila amekuombea siku saba mfululizo na bado anaendelea. Mimi nami sasa naelewa kwa nini ulitaja zamu ya asubuhi bila kueleza.

Nilifanya ulivyosema. Afisa wa cheti alinisikiliza, akacheka, kisha akaacha kucheka, akasema mwenye silaha anaweza wakati wowote kuiacha kituo cha polisi itunzwe, apewe karatasi. Nikauliza, "Hata Kinna?" Akasema, "Kinna si Kenya?"

Basi Jumamosi tarehe 19 tulishuka Kinna, nikaenda kituoni kwanza. Askari wa zamu alikuwa Mkikuyu mmoja, Wambugu. Nikamweleza. Akaniuliza mara mbili kama nimekuja kuripoti uhalifu.

"Hapana. Nimekuja kuposa."

"Unaposa hapa kituoni?"

"Naposa kwa mzee Jirma."

"Ah," akasema, na akaacha utani, kwa maana kila mtu pale anamjua mzee. Akaandika namba ya bastola, idadi ya risasi, jina langu, saa, akapiga muhuri. Akaniambia, "Karatasi hii usipoteze. Bila hii sikupi, hata ukija na mama yangu."

Nyumbani kwa mzee tulitoa fimbo tatu kama mara ya kwanza. Akazipokea. Kisha akanikumbatia, na dada, alinipapasa mbavu zote, kiuno chote, mpaka chini ya kwapa, kama mimi ninavyopapasa beberu mnadani. Ardo alilazimika kugeuka ili asionekane akicheka.

"Iko wapi?"

Nikampa karatasi kwa mikono miwili. Mzee hasomi Kiswahili cha serikali, akamwita Lul aisome. Lul alisoma yote kwa sauti ya darasani, namba ya bastola, risasi kumi na mbili, muhuri wa tarehe 19. Mzee akauliza, "Hii ndiyo hiyo?"

Nikasema, "Hii ndiyo hiyo, mzee. Anayeshika hii ndiye anayeishika ile."

Akaitazama pande zote mbili. Akaingia nayo ndani. Tulimsikia akisogeza vitu. Alipotoka mikono yake ilikuwa mitupu, akasema, "Imeingia." Na mama yake Lul akaweka kahawa kwenye siagi. Nikasikia punje zikipasuka, na Huqa, aliyekaa kando yangu, akanigusa goti. Ndiyo maneno yetu ya kwanza tangu Novemba.

Tulizungumza mpaka alasiri. Mzee aliniuliza habari za Texas kwa urefu. Alitaka kujua kama jimbo likibadilisha sheria, wazee wa jimbo la pili wanaitwa au wanasikia tu redioni. Alipenda ile ya bunduki kubwa kutohitaji leseni, akaniomba niirudie kwa wenzake. Hatimaye akasema nyumba yetu imesikika, na kwamba turudi na wazee wa ukoo baada ya Idi tuweke siku.

Tukasimama kuondoka. Akatoa fimbo ya Ardo, fimbo ya Huqa, fimbo yangu. Nikasubiri.

"Mzee, na karatasi?"

"Karatasi gani?"

"Ya kituoni."

"Mgeni anarudishiwa silaha yake akiwa amemaliza safari," akasema. "Wewe hujamaliza. Umesema utarudi baada ya Idi."

Nikamtazama Huqa. Huqa alikuwa anatazama mawingu. Nikaeleza kuhusu barabara, kuhusu Kulamawe, kuhusu mwezi wa tano wa mwaka jana na kifua changu. Alisikiliza yote. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Utarudi haraka, basi."

Nilipita kituoni kumwambia Wambugu kwamba nimeshindwa kuleta karatasi. Akauliza iko wapi. Nikasema imetundikwa kwenye nguzo kwa mkwe. Akaandika hivyo hivyo kwenye kitabu chake, akaniuliza tahajia ya jina Lul.

Nimerudi Isiolo kwa lori, mbele, kando ya dereva, na kwa mara ya kwanza tangu Julai nimekaa vizuri. Niliogopa kutoka Kulamawe mpaka Gotu. Sitakuficha hilo. Nilishika fimbo yangu kati ya magoti, na kila kichaka nilikitazama.

Idi itakuwa mapema Julai. Bastola iko kwa Wambugu, karatasi iko kwa mzee Jirma, na mimi lazima niende tena Kulamawe kesho kutwa kununua mbuzi. Ombea barabara. Mama anasema umwandikie wewe mwenyewe kuhusu kanzu ya harusi, rangi gani unataka, na usimwachie Huqa achague.

Ndugu yako anayekukumbuka,
Umuro